Darasa Moja, Watoto Mbali Mbali
Maneno yaliyosemwa mbele ya walimu na wazazi wa Bukoba na Muleba katika sherehe ya jubilei



Wakubwa wa sherehe hii wamenipa nafasi ya kusema juu ya shule. Walionitangulia wamesema juu ya makanisa yaliyojengwa na hospitali zilizofunguliwa, na maneno yao yalikuwa mazuri. Mimi ni katekista. Kazi yangu ni kusimama mbele ya watoto. Basi nitasema neno moja tu ambalo kila asimamaye mbele ya watoto hulijua, nalo ni kwamba watoto waketio katika darasa moja hawana uwezo mmoja. Huyu ameshika kabla mwalimu hajamaliza kusema. Yule atashika kesho kutwa. Na mwingine hatashika kamwe kwa njia ile, bali angeshika upesi kwa njia nyingine. Hata hivyo katika shule zetu nyingi za sekondari twawapa wote kitabu kimoja, mwendo mmoja, na mtihani mmoja, kisha twastaajabu tuonapo matokeo.

Nasema juu ya sekondari kwa kusudi. Mtoto wa darasa la pili asiyejua kusoma bado ni mdogo, na muda upo wa kumsaidia. Lakini afikapo kidato cha kwanza ana miaka kumi na mitatu au kumi na minne. Ameanza kujipima na wenzake, na akijiona mjinga katika umri huo huamini hivyo mpaka uzeeni. Nimewajua watu wazima wenye akili nyingi za biashara na za shamba, ambao ukiwapa karatasi waisome husema upesi, "Mimi kichwa changu kizito," na wakati huohuo wanakokotoa bei ya magunia ya kahawa bila kalamu.

Tangu Mapadri Weupe walipofika Kashozi mwaka 1892, mafundisho na shule vimekwenda pamoja katika nchi yetu. Wazee watakumbuka walivyosimuliwa juu ya ukatekumeni wa siku zile. Kardinali Lavigerie aliwaagiza mapadri wake wasimbatize mtu ila baada ya miaka minne ya kufundishwa, na katika miaka hiyo alipita ngazi kwa ngazi. Wala hakuna aliyeona aibu kuwa katika ngazi ya chini, kwa maana kila mtu alijua ya kuwa ngazi ni ya kupandia, si mahali pa kukaa. Naomba mlishike neno hilo la ngazi, maana nitalirudia.

Kwa muda mrefu tatizo la watoto wasiolingana lilikuwa dogo katika sekondari zetu, kwa sababu moja isiyo ya kujivunia: wengi hawakuingia. Katika siku za ukoloni mtihani wa darasa la nne uliwarudisha watoto wengi shambani, na waliosalia wakachujwa tena mbele. Wachache mno walifika Ihungo, na wachache zaidi wakachaguliwa kuingia seminari ya Rubya, alikosoma Laurean Rugambwa, ambaye mwaka 1960 alifanywa kardinali, Mwafrika wa kwanza kupewa cheo hicho katika zama zetu. Mwalimu wa siku hizo aliyeingia darasani alikuta mbele yake vijana waliokwisha kuchekechwa kama unga. Haikuwa shida kuwafundisha kwa mwendo mmoja.

Hata baada ya Uhuru nafasi zilikuwa chache. Katika miaka ya 1970 nafasi za kidato cha kwanza ziligawanywa kwa mikoa, ili mikoa iliyochelewa kupata shule isiachwe nyuma daima. Sisi wa Ziwa Magharibi, tuliokuwa na shule nyingi tangu zamani, tuliwaona watoto wenye alama nzuri wakikosa nafasi, na wazee wengine hunung'unika hata leo. Mimi nafikiri serikali ilikuwa na sababu ya haki. Lakini nalitaja kwa kuwa lilitufundisha wengi wetu kuiona shule kama mashua ndogo: kazi yote ni kugombea kuingia, wala hakuna aulizaye yanayotendeka ndani yake.

Sasa mlango umefunguliwa. Kuanzia mwaka 2004 serikali ilijenga shule za sekondari katika kata, karibu kila mahali. Mwaka 2016 ada ikaondolewa mpaka kidato cha nne, na mwaka 2022 ikaondolewa kidato cha tano na cha sita pia. Ni jambo la kumshukuru Mungu. Lakini mlango ulipopanuliwa, wakaingia watoto wa kila namna: aliyekuwa wa kwanza katika shule yake, na aliyefaulu kwa alama chache, wa mjini Bukoba ambaye baba yake ni karani, na wa kisiwa cha Goziba ambaye baba yake hulala ziwani. Nao wote wameketi darasa moja, pengine sitini, pengine themanini.

Tuliona matunda yake. Mwezi wa Februari mwaka 2013 yalipotangazwa matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, zaidi ya nusu ya watahiniwa wa Tanzania walipata daraja sifuri. Nchi nzima ilitikisika. Waziri Mkuu akaunda tume, na baadaye matokeo yale yakapangwa upya. Watu wengine walisema walimu ni wavivu, wengine wakasema watoto wa siku hizi hawapendi kitabu. Sina haja ya kuwahukumu. Ila nauliza: yawezekanaje watoto zaidi ya laki mbili wawe wajinga kwa mara moja? Mkulima akiona migomba yote ya kibanja imenyauka, hasemi ya kuwa kila mgomba una kosa lake.

Na mbele yetu liko jambo kubwa zaidi. Kwa mpango mpya wa serikali elimu ya msingi itakuwa ya miaka sita badala ya saba. Basi mwaka 2027 umepangwa kuwa mwaka ambao watoto wa darasa la sita na wa darasa la saba watamaliza pamoja, na Januari ya mwaka 2028 wataingia kidato cha kwanza pamoja, wakubwa na wadogo, waliofundishwa kwa mtaala wa zamani na waliofundishwa kwa mtaala mpya. Walimu mlio hapa, mtawapokea ninyi. Kwa hiyo nasema sasa, kabla siku hiyo haijafika.

Kwanza yafaa tuulize, watoto hutofautiana kwa nini? Wengi hujibu upesi: kwa akili. Ni kweli kwamba Mungu hakutoa akili sawasawa. Lakini miaka mingi ya kufundisha imenionyesha ya kuwa akili ni sababu ya mwisho, wala si ya kwanza.

Sababu ya kwanza ni lugha. Fikirini mtoto wa Kihaya wa kijiji cha ndani huko Muleba. Nyumbani asema Kihaya na mama yake. Akienda shule ya msingi akuta Kiswahili, na kwa miaka yote ya shule ile hesabu, sayansi na historia azisoma kwa Kiswahili. Kisha aingia kidato cha kwanza, na kwa ghafula karibu vitabu vyote, isipokuwa cha Kiswahili chenyewe, ni vya Kiingereza. Hupewa wiki chache za mafunzo ya awali ili apate kuvuka. Wiki chache! Mtoto yuleyule aliyeeleza vizuri kwa Kiswahili namna mmea unavyokunywa maji, sasa akaa kimya, na mwalimu aandika katika daftari lake kwamba hana bidii. Karibu naye ameketi mtoto aliyesoma shule ya kulipia inayofundisha kwa Kiingereza tangu utoto. Huyo ajibu kila swali. Je, ndiye mwenye akili kuliko mwenzake? Labda ndiye, labda siye. Hatuwezi kujua mpaka tumeondoa ukuta wa lugha, na mimi nathubutu kusema kwamba nusu ya hao tuwaitao wazito katika shule zetu wangeitwa wepesi kama wangeulizwa kwa lugha waijuayo.

Sababu ya pili ni njia na tumbo. Mtoto atembeaye saa mbili asubuhi na saa mbili jioni, asiyekunywa uji wa saa nne, hawezi kulinganishwa na alalaye bwenini. Sitasema mengi juu ya hili, maana kila mzazi hapa alijua.

Sababu ya tatu ni macho na masikio. Mjini Bukoba ipo Shule ya Msingi Mugeza Mseto, ambamo watoto wasioona na watoto wenye ualbino husoma pamoja na wenzao. Jina lenyewe lafundisha: mseto, chakula kilichochanganywa. Lakini si kila mtoto asiyeona vizuri amegunduliwa. Wako wengi katika shule za kawaida ambao hawajapata kupimwa macho, nao hunakili kutoka daftari la jirani kwa kuwa ubao hawauoni, wakapigwa kwa kosa la kunakili. Namjua msichana mmoja aliyekuwa wa mwisho darasani kwa miaka miwili, mpaka sista mmoja alipompeleka hospitali akapewa miwani. Hakuwa wa kwanza baada ya hapo, hadithi hizo ni za vitabuni. Alikuwa wa kumi na nane kati ya hamsini na tano, naye akafaulu.

Tena liko jambo la moyo, ambalo sisi watu wazima hulisahau. Mnakumbuka habari ya Kashasha, hapa petu Muleba. Tarehe 30 Januari mwaka 1962 wasichana watatu wa shule ile walianza kucheka bila kujizuia, wakawaambukiza wenzao, hata wanafunzi 95 kati ya 159 wakapatwa, na mwezi wa Machi shule ikafungwa. Madaktari walipima damu na maji, wasione ugonjwa wa mwili. Wataalamu walioandika baadaye hudhani ya kuwa ulikuwa mzigo wa moyo, na shule yenyewe ilikuwa sehemu ya mzigo huo. Sisemi ya kuwa najua sababu. Nasema tu kwamba kijana akinyamaza darasani si dalili kwamba hana analobeba.

Sasa nije kwenye dawa. Je, tuwatenge watoto kwa uwezo wao, au tuwaache pamoja? Watu wenye elimu wamebishana juu ya swali hili duniani kote, na mifano ipo.

Wajerumani, waliotutawala mpaka mwaka 1916, huko kwao huwagawanya watoto wakiwa na umri wa miaka kumi hivi: wengine shule iendayo chuo kikuu, wengine shule za kazi. Waingereza nao kwa sheria ya mwaka 1944 waliwapa watoto mtihani wakiwa na miaka kumi na mmoja, na matokeo ya siku moja yakaamua mtoto aende shule ya namna gani. Watu wengi huko walilalamika kwamba watoto wa maskini ndio waliojaa shule za chini, na tangu mwaka 1965 serikali yao ikawaomba wakuu wa wilaya wawarudishe watoto pamoja. Hiyo ndiyo hatari ya kuwagawanya kwa daima. Mtoto huwekwa katika chungu, kifuniko kikafungwa.

Lakini ng'ambo ya ziwa letu, Kenya ya Magharibi, lilifanywa jaribio ambalo kila mwalimu afaa alijue. Mwaka 2005 wataalamu watatu, Esther Duflo, Pascale Dupas na Michael Kremer, walichukua shule za msingi 121 zilizokuwa na darasa la kwanza kubwa mno. Kila darasa likagawanywa mara mbili. Katika nusu ya shule waligawanya bila kuchagua. Katika nusu nyingine waliojua zaidi waliwekwa upande mmoja na waliojua kidogo upande wa pili. Watu walidhani wale wa chini wataharibika kwa kukosa wenzao wenye akili. Haikuwa hivyo. Katika shule zilizowagawanya kwa ujuzi, wote wawili, wa juu na wa chini, walijifunza zaidi. Sababu waliyoitoa ni nyepesi, nanyi walimu mtaikubali: mwalimu mwenye darasa lililochanganyika huwafundisha wachache wa mbele, kwa maana ndio wamjibuo; lakini akipewa watoto walio karibu karibu kwa ujuzi, hulazimika kufundisha pale walipo.

Mtu ataniuliza, "Katekista, basi wasema tuwagawanye au tusiwagawanye?" Nasema hivi: tugawanye mafundisho, tusigawanye watoto. Tuwapange kwa saa moja, kwa somo moja, kwa muhula mmoja, kisha tuwapime tena na kuwapanga upya. Iwe ngazi, isiwe chungu chenye kifuniko.

Nitaeleza jinsi linavyowezekana bila kuajiri hata mwalimu mmoja zaidi, kwa sababu najua wakuu wa shule mlio hapa mmekwisha kuanza kuhesabu vidole. Shule ya kata yenye kidato cha kwanza A, B, C na D ina vyumba vinne na walimu wanne. Mwalimu wa taaluma akipanga ratiba ili kipindi cha Kiingereza kiwe saa ileile kwa madarasa yote manne, basi saa hiyo watoto hubadilishana vyumba. Wasiojua kusoma sentensi huenda chumba kimoja, wasomao bila kuelewa huenda cha pili, waelewao huenda cha tatu, na walio tayari kwa kitabu cha mbele huenda cha nne. Saa ikiisha, kila mtoto hurudi kwenye darasa lake, na historia na jiografia husoma na wenzake kama kawaida. Ni vyumba vilevile na walimu walewale. Fanyeni hivyo kwa Kiingereza na hesabu tu, maana ndiyo masomo mawili ambayo asiyeshika jana hawezi kushika leo.

Wa kupima ni mwalimu, katika juma la kwanza, kwa kumsikiliza mtoto akisoma kwa mdomo. Karatasi peke yake haitoshi. Mtoto aweza kubahatisha herufi A, B au C, lakini kusoma kwa sauti habahatishi.

Na chumba cha wale wa chini apewe nani? Kila mahali huona apewa mwalimu mgeni aliyefika mwezi uliopita, asiye na nguvu ya kukataa. Nimeona shule moja, nisiyoitaja, ambamo waliokuwa chini waliketishwa nyuma karibu na dirisha, na darasa zima likapaita mahali pale kwa jina la dharau, na mwalimu akicheka pamoja nao. Chumba hicho kipewe mwalimu hodari kuliko wote wa shule. Mwenye akili nyingi atajifunza hata kwa mwalimu dhaifu. Aliyekwama hana mwingine wa kumkwamua.

Watoto wataona aibu? Ndiyo, juma la kwanza wataona. Mkiviita vyumba kwa majina ya maua au ya visiwa, kabla ya siku tano watajua kisiwa kipi ni cha nani, tusijidanganye. Lakini aibu hiyo hupungua waonapo mwenzao amehama chumba baada ya muhula. Aibu ya kukaa miaka minne bila kuelewa ni kubwa kuliko hiyo, nayo haina mwisho.

Sasa nitasema juu ya wale wepesi, kwa sababu nao wamesahauliwa. Sisi hudhani mtoto mwenye akili hahitaji msaada. Serikali inazo shule za vipaji maalumu saba, Ilboru, Kibaha, Mzumbe, Kilakala, Msalato, na mbili za Tabora, ya wavulana na ya wasichana. Hakuna hata moja iliyo mkoani Kagera, na nafasi zake ni chache. Waliobaki tunao sisi katika shule za kata. Na twafanya nini nao? Twawapa chaki waandike ubaoni mwalimu asipokuwapo, na twawafanya viranja. Kumfundisha mwenzako ni jema, wala silikatazi. Aliyefundisha ameshika mara mbili. Lakini kijana aliyemaliza mazoezi ya hesabu ya kidato cha pili mwezi wa Machi, apewe kitabu cha kidato cha tatu. Akimaliza hicho, liko somo la hesabu za ziada ambalo Baraza la Mitihani hulitahini kidato cha nne, na shule zetu nyingi hazilifundishi kwa kukosa mwalimu. Lakini vijana wanne watano kutoka shule tatu za jirani wangeweza kukutana Jumamosi kwa mwalimu mmoja. Hilo si gharama, ni mapatano.

Hapa niseme neno juu ya seminari zetu na shule za watawa, maana hutajwa sana yanapotoka matokeo, na shule za kata hutukanwa kwa kulinganishwa nazo. Rubya hupokea vijana baada ya kuwapima. Ni haki yake, na walimu wake wafanya kazi. Lakini anayechagua mbegu kabla ya kupanda asijisifu mno mbele ya jirani aliyepewa mbegu zote zilizomwagika njiani. Mwalimu wa kata aliyempokea mtoto asiyejua kusoma, akamfikisha daraja la nne kidato cha nne, amefanya safari ndefu kuliko aliyempokea mwenye alama A akamtoa na A. Nadhani tungetangaza pia, katika sikukuu kama hii, walimu wa namna hiyo.

Limebaki jambo la amali. Mwanzoni mwa mwaka 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Sera ya Elimu ya mwaka 2014, Toleo la 2023, nayo inagawa sekondari katika mikondo miwili, wa jumla na wa amali. Na mkondo wa amali ulikwisha kuanza Januari 2024 katika shule zilizochaguliwa. Kijana husoma ufundi, au kilimo, au kazi nyingine ya mikono, pamoja na masomo ya kawaida. Naifurahia habari hii, ila nina hofu moja. Wenye umri wangu na zaidi wanakumbuka michepuo ya shule za sekondari baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974: kilimo, biashara, ufundi, sayansi kimu. Shule ilipewa jina la mchepuo, pengine haikupewa vifaa; vijana wakalima bustani ya shule, na bado macho yao yote yalikuwa kwenye kidato cha tano. Somo la mikono likawa adhabu.

Basi nawasihi wazazi: msiufanye mkondo wa amali kuwa jaa la kutupia walioshindwa. Fundi umeme hana budi kujua hesabu. Mpimaji wa udongo hana budi kujua kemia. Mama ajuaye kibanja hasemi ndizi za kuchoma ni mbaya kwa kuwa hazifai kupikwa, wala hapandi ndizi za pombe mahali pabovu tu. Kila moja huipa mbolea. Mwenye alama za juu akipenda ufundi, aende, na baba yake asilie. Na mwenye alama za chini apendaye vitabu asisukumwe huko kwa nguvu. Tangu mwaka 2022 tunacho chuo kikubwa cha VETA cha mkoa huko Burugo. Nendeni na watoto wenu mkakitazame kabla hawajachagua. Mtoto wa kidato cha pili aliyeona mashine ikifanya kazi ataamua vizuri kuliko aliyeambiwa habari zake na mjomba.

Na juu ya mtihani wa kidato cha pili: mtoto asiyefaulu hurudia mwaka. Kurudia kwenyewe si dawa. Akirudia kitabu kilekile, kwa mwendo uleule, na mwalimu yuleyule asiyejua alikwama wapi, ni kama kumnywesha mgonjwa mara mbili dawa isiyo yake. Mwalimu wa darasa aandike katika karatasi moja mambo matatu ambayo mtoto hakuyaweza, na mzazi apewe nakala. Wazazi wengi hawajapata kuambiwa kitu kuhusu mtoto wao ila nafasi yake: wa arobaini na mbili kati ya sabini. Nafasi haimwambii mtu afanye nini.

Parokia zaweza nini? Si kazi yetu kuendesha shule za serikali, na tusijiingize palipo na wenyewe. Lakini karibu kila kigango kina chumba kinachokaa bure siku tano katika juma, na watoto wengi hawana taa wala meza nyumbani. Nimezungumza na baadhi ya halmashauri za walei, na mapatano tuliyoyafikia ni haya. Chumba kifunguliwe Jumatatu mpaka Alhamisi, saa kumi hata saa kumi na mbili jioni, kwa watoto wa dini zote. Awepo mtu mzima mmoja wa kuwasikiliza wakisoma kwa sauti; hahitaji kuwa mwalimu, karani mstaafu atosha, hata kijana wa kidato cha sita anayengoja matokeo. Vitabu vya hadithi nyepesi vya Kiswahili na vya Kiingereza vinunuliwe kwanza, kabla ya vitabu vya mitihani, kwa kuwa mtoto asiyesoma kwa kupenda hatasoma kwa hofu. Watoto wa visiwani, wa Bumbire, Ikuza na Goziba, waliopanga vyumba huku bara ili wasome, wapewe nafasi ya kwanza, maana hao jioni hawana mzazi wa kuwauliza wamesoma nini.

Gharama ya taa na vitabu imekadiriwa na kila halmashauri kwa kadiri ya kigango chake, na nyingine zimeomba zichangie kwa kahawa badala ya fedha, nalo limekubaliwa. Walimu na wastaafu walio tayari kutoa jioni moja katika juma wajiandikishe kwa katekista wa kigango chao kabla ya shule kufunguliwa Januari. Daftari la Muleba ninalo mimi hapa; la Bukoba liko mezani karibu na mlango, kando ya sanduku la sadaka.